Maswali ya wasomaji: Si5351A yangu imepotoka hezi 800

SWALI: Nimeunganisha moduli ya Si5351A (chipu inayozalisha masafa ya redio) na Arduino Nano (bodi ndogo ya kompyuta inayoiongoza) nikitaka kurusha WSPR, yaani ujumbe mfupi wa redio wa nguvu ndogo wa kupima mawimbi yanafika wapi, kwenye bendi ya mita 40. Kwenye programu nimeandika Hz 7,040,100, lakini redio inapokea mlio kwenye 7,040,900. Fuwele ni ya MHz 25, mzigo wake (kapasita inayowekwa kwenye fuwele) nimeuweka pF 6. Chipu ni mbovu? – Msomaji, Arusha

JIBU: Chipu ni nzima. Hezi 800 kwenye MHz 7 ni kama sehemu 114 kwa milioni, na fuwele ya kawaida haipotoki peke yake kiasi hicho. Tunaishuku hiyo pF 6. Fuwele za moduli hizi mara nyingi hutaka pF 8 au 10. Ukiipa mzigo mdogo kuliko inaoutaka, inakimbia, yaani masafa yake yanapanda, na mawimbi yote matatu yanayotoka kwenye chipu yanapanda nayo. Andika 0xD2 kwenye rejista 183, sehemu ya kumbukumbu ya chipu inayopanga mzigo (pF 10). Ikishuka kupita kiasi, jaribu 0x92 (pF 8).

Kosa litakalobaki liondoe kwa hesabu. Iache moduli iwake dakika 15, itoe MHz 10, kisha pima. Ukipata Hz 10,000,240, fuwele yako kwa kweli ni Hz 25,000,600. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye programu badala ya 25,000,000. Angalia tu kwamba kipima masafa cha bei rahisi nacho kina fuwele yenye kosa lake. Afadhali usikilize kituo cha saa cha MHz 10, WWV cha Marekani au BPM cha China, redio ikiwa kwenye AM, na kipande cha waya wa moduli kikiwa karibu na antena. Utasikia mapigo, sauti inayopanda na kushuka kwa sababu mawimbi mawili hayajalingana. Rekebisha namba ya fuwele mpaka mapigo yapungue na kukoma.

Dirisha la WSPR (kipande cha masafa kinachotumika kwa ujumbe huu) lina upana wa hezi 200 tu, kutoka 7,040,000, na kila ujumbe huchukua sekunde 110.6. Moduli ikipulizwa na feni au ikikaa kando ya regyuleta ya moto, masafa yatatambaa katikati ya ujumbe. Ifunike.

SWALI: Naweza kuchomeka antena moja kwa moja kwenye CLK0, pini ya chipu inayotoa mawimbi? – Huyohuyo

JIBU: Hapana. Kinachotoka ni wimbi la mraba: MHz 21.1203, mara tatu ya masafa yako, itatoka pia, ikiwa na sehemu moja ya tisa ya nguvu, na hiyo inaangukia bendi ya mita 15. Anza na kapasita ya nF 100 ili kuzuia umeme wa DC. Kisha weka chujio: kapasita za pF 270, 680, 680 na 270 kwenda ardhini, na kati yake koili tatu kwenye ringi za T37-6 (ringi ndogo za unga wa chuma), mizunguko 21, 24 na 21. Kila waya unapopita ndani ya tundu hesabu mzunguko mmoja. Wengi hukosea hapo.

Ukiweka nguvu ya CLK0 kwenye mA 8 utapata takriban milliwati 10, ambazo kwa WSPR zinatosha kufika mbali. Leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) inahitajika hata kwa hizo.