Kwa nini setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka Malindi

Ndugu uliyeuliza kama kweli roketi ziliwahi kurushwa Kenya: ni kweli kabisa. Waitaliano walikuwa na jukwaa la San Marco, limesimama baharini pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, setilaiti ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilirushwa kutoka hapo, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya mwenyeji.

Kilichowaleta ni ikweta. Dunia hujizungusha kuelekea mashariki, na Malindi ardhi yenyewe inakwenda karibu kilomita 1,670 kwa saa. Florida, Marekani wanakorushia roketi zao, ni kama 1,470. Roketi inaondoka na mbio hizo za bure. Halafu mashariki ni bahari tupu, ikianguka haimwangukii mtu. La tatu wengi hulisahau: kuzunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mionzi inayovuruga vipimo.

Na vipimo ndivyo vilivyokuwa kazi yake. Eksirei za nyota humezwa na angahewa kabla ya kutufikia huku chini, lazima uzifuate juu. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza kutengwa kwa kazi hiyo, na data zake zilisaidia Cygnus X-1, chanzo kikali cha eksirei angani, kushukiwa kuwa shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa hata mwanga hautoki.