Gitaa la mtumba la Paje, ampu ya volti 100 na udi wa marehemu babu: majibu yangu

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Nimekusoma vizuri. Uko Wete, Pemba, umeona gitaa la umeme lenye jina la Gibson na ampu yake ndogo, yaani kikuza sauti chake, vinauzwa Paje, Unguja, na mgeni anayerudi kwao, naye anasema vyote alivinunua Japani. Pesa unataka uipate kwa kuuza udi, kile chombo cha nyuzi cha taarab, aliouacha marehemu babu yako. Naanza na ampu, kwa sababu ndiyo inayoweza kukuungulia siku ya kwanza.

Umeme wetu ni volti 230. Wa Japani ni volti 100, wa Marekani 120. Mwambie muuzaji akutumie picha ya kibandiko cha nyuma ya ampu, pale waya wa umeme unapoingilia. Kikiandika 100–240V, haina neno, chomeka. Kikiandika 100V tu, hiyo ni ampu ya Japani kwelikweli, na ukiichomeka ukutani Wete unaipa zaidi ya mara mbili ya chakula chake. Ikiwa na bahati fyuzi itakatika. Ikiwa kuna mtu aliwahi kuifunga fyuzi kwa waya au karatasi ya sigara, na mafundi wa haraka hufanya hivyo sana, basi transfoma ya ndani ndiyo itakayoungua, na kuifunga upya kwa kuizungushia waya ni gharama inayokaribia bei ya ampu yenyewe. Kwa hiyo fungua kishikio cha fyuzi, soma namba iliyopigwa kwenye fyuzi, ilinganishe na iliyoandikwa pembeni yake. Zikitofautiana, jua kuna mtu alishaingia humo.

Plagi ya miguu mitatu kama zetu si ushahidi wa kitu. Watu hubadilisha plagi wakaacha volti palepale.

Ampu ya 100V bado inanunulika, ila utahitaji transfoma ya kushusha umeme, ile nzito yenye chuma ndani, si kile kijidude chepesi cha wasafiri cha kunyolea ndevu. Soma kwenye kibandiko ampu inakula wati ngapi, kisha tafuta transfoma yenye uwezo wa mara mbili yake: ampu ya wati 40, chukua ya VA 80 hadi 100 (VA ndicho kipimo cha uwezo kinachoandikwa kwenye transfoma). Uliza bei ya transfoma hiyo kwanza, ndipo uitoe kwenye bei ya ampu. Muuzaji mkweli hatabisha.

Ukiwa mbele ya ampu, iwashe bila gitaa, sauti ikiwa chini kabisa. Muungurumo mdogo ni wa kawaida. Muungurumo mzito usiobadilika hata ukizungusha nobu ya sauti, mara nyingi ni kapasita zilizochoka, vile vikopo vidogo vya ndani vinavyotunza umeme. Ukiweza fungua mgongo uzitazame: zikiwa zimevimba kichwani au zimevuja ute, zinataka kubadilishwa. Kisha zungusha kila nobu taratibu toka mwanzo hadi mwisho. Ikikwaruza, hiyo ni chumvi na vumbi, spree ya kusafishia viunganishi vya umeme inaitibu kwa dakika chache. Usipulize WD-40 ya kawaida humo ndani, inaacha mafuta yanayonasa vumbi. Spika ipime kwa mita ya fundi umeme: ya ohm 8 itasoma kama 6 hivi, ya ohm 4 itasoma kama 3. Isiposoma kitu, koili imekatika. Bonyeza koni kwa vidole viwili, pande zote sawa, itembee bila kukwaruza.

Sasa gitaa.

Huku visiwani chombo hakizeeki kwa miaka, kinazeeka kwa hewa. Gitaa lililokaa miaka kumi Tokyo kwenye mkoba linaweza kuwa zima kuliko lililokaa miezi sita kwenye baa ya ufukweni, linalotolewa chumba chenye kiyoyozi jioni na kurudishwa usiku wa manane. Likitoka kwenye ubaridi likaingia kwenye joto lenye unyevu, maji hujikusanya juu ya vyuma, na maji hayo yana chumvi ya pwani. Mimi huangalia kutu kabla ya kuangalia jina kichwani. Muulize muuzaji gitaa limekaa Paje muda gani, na likilala lilikuwa wapi.

Kutu itafute pale isipofutika kwa kitambaa. Tazama skrubu ndogo za daraja, pale nyuzi zinapokalia tumboni mwa gitaa, zile za kupandisha na kushusha kila uzi. Chukua alenki yako, ile spana ya pembe sita, 1.5 mm kwa magitaa mengi ya Asia, inchi 0.050 kwa mengi ya Kimarekani, ujaribu kuigeuza moja robo mzunguko. Daraja la aina ya Gibson halina skrubu hizo. Lina nguzo mbili na skrubu ndogo za kusogeza vijichuma mbele na nyuma, kwa hiyo chukua bisibisi ndogo bapa badala yake. Skrubu ikigoma, usilazimishe, kwani kichwa chake kikiliwa hutoitoa tena bila kuitoboa. Hesabu ngapi zimeganda. Moja mbili, tone la mafuta na subira ya siku moja vinatosha. Zikiwa nyingi, unanunua gitaa na daraja jipya, na bei iseme hivyo.

Shingo ndiyo roho ya kazi. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vilivyolazwa kukata shingo) kwa kidole cha kushoto, na kwenye freti ya mwisho kwa kidole cha kulia, halafu tazama mwanya uliopo kati ya uzi na freti ya 7. Unataka mwanya mdogo, milimita 0.2 hadi 0.3, yaani karatasi mbili tatu za daftari zipite kwa shida. Usipokuwapo kabisa, shingo imepinda nyuma na nyuzi zitalia zizz. Kadi ya benki ikipita, imepinda mbele kupita kiasi. Kupinda si kosa la kulikimbia gitaa. La kulikimbia ni chuma cha ndani ya shingo kilichokwisha kazi. Ondoa kifuniko kidogo pale kichwani, ingiza spana yake, na kwa ruhusa ya mwenyewe geuza moja ya nane ya mzunguko tu, kaza kisha rudisha. Kikigeuka kwa ulaini na uzito, kipo hai. Kikizunguka bila kushika, au kikiwa kimekazwa hadi mwisho na shingo bado imepinda mbele, acha.

Urefu wa nyuzi upime kwenye freti ya 12, toka juu ya freti hadi chini ya uzi: milimita 1.5 hadi 2 kwa gitaa la umeme. Kwa wanaosoma huku wakiwaza gitaa la mbao, hesabu ni 2 hadi 2.5 kwa nyuzi za chuma, na 3 hadi 4 kwa nyuzi za nailoni. Gitaa la mbao lina mtihani wake mwingine: chukua kipande cha karatasi ukisukume chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Kikiingia zaidi ya milimita moja au mbili, gundi inaachia, na masika ya kwanza itaachia yote. Na kama ni la kupigia ufukweni, nasema bila kusita, plaiwudi ni bora kuliko ubao mzima. Ubao mzima una sauti nzuri zaidi, lakini unyevu huuvimbisha uso wake hadi nyuzi zikapanda.

Tazama freti kwa tochi ya simu, mwanga ukipita pembeni. Mashimo chini ya nyuzi mbili nyembamba, freti ya 1 hadi ya 5, ni ya kawaida. Yakiwa ya kuonekana bila tochi, gitaa linataka kusawazishwa freti, na fundi wa kazi hiyo huenda ukamfuata Dar. Piga kila uzi kwenye kila freti, moja moja, bila haraka, watu wakuchoke. Noti inayokufa au kulia kama ya jirani yake ndiyo inayokuonyesha freti iliyoinuka.

Nyuma ya kichwa, pale shingo inapoanza kuwa nyembamba, pitisha ukucha polepole. Magitaa ya umbo la Gibson huvunjika hapo yakianguka kwa mgongo. Mpasuko uliogundishwa vizuri unadumu, lakini bei yake ni ya gitaa lililovunjika, na muuzaji alitakiwa akutajie kabla hujapanda boti.

Pikapu, vile vinasa sauti vya chini ya nyuzi, zipime bila kufungua kitu: chomeka waya kwenye gitaa, fungua sauti yote, weka mita kwenye ncha ya upande wa pili. Yenye koili moja husoma kama kilo-ohm 5 hadi 8, yenye koili mbili mara nyingi 7 hadi 9, nyingine zaidi. Sifuri maana yake nyaya zimegusana mahali. Mita isiposoma kabisa, waya umekatika au jeki, tundu la kuchomekea waya, imeoza. Jeki ni kazi ya risasi ya kulehemu na dakika kumi.

Kuhusu jina. Kununuliwa Japani si kutengenezwa Japani. Gibson ya umeme yenye jina la Gibson hutengenezwa Marekani. Yaliyotengenezwa Japani kwa ruhusa yake yaliandikwa Orville au Epiphone, na ni magitaa mazuri yenye soko lake. Kwa hiyo gitaa lililoandikwa Gibson na “Made in Japan” pamoja, mrudishie mwenyewe. Kile kifuniko cha kichwani kwa Gibson hushikwa na skrubu 2. Cha bandia mara nyingi kina 3. Pima toka mfupa wa kichwani, ule unaopitisha nyuzi, hadi freti ya 12: unatakiwa upate kama sentimita 31.4, kwani urefu mzima wa uzi ni kama 62.8. Namba ya nyuma ya kichwa, kwa matoleo mengi ya tangu 1977 hadi 2005, ina tarakimu 8: ya kwanza na ya tano ni mwaka, ya pili hadi ya nne ni siku ya mwaka. Namba inayoanza 91235 ni siku ya 123 ya 1995, yaani tarehe 3 Mei. Ukikuta siku ya 480, hakuna mwaka wenye siku hiyo. Yapo matoleo machache yenye mpango wao, basi namba peke yake isikupitishie hukumu, ichanganye na mengine.

Bei: anza na bei ya gitaa jipya la aina hiyohiyo Dar, ulinganishe na matangazo mawili matatu ya mtumba, kisha toa kila ulichokikuta kwa bei ya fundi na vifaa, mbele ya muuzaji, kwa karatasi. Una msimu upande wako pia. Aprili na Mei mvua ya masika inafunga hoteli nyingi za pwani, kazi zinakatika, na vyombo vinatoka. Februari, tamasha la muziki la Sauti za Busara likiwa Ngome Kongwe, wanamuziki ni wengi mjini na bei hupanda. Malipo ya simu yafanyike mkiwa pamoja, na muuzaji aangalie salio lake, si meseji. Meseji inaandikwa na yeyote.

Kusafirisha: legeza nyuzi hatua moja mbili, usizitoe zote, shingo inapenda kubaki na mvuto kidogo. Ziba nafasi chini ya kichwa kwa kitambaa ndani ya mkoba, funga mkoba kwa nailoni, na usikubali liwekwe juu ya paa la daladala toka Paje. Kwenye boti ya Pemba kaa nalo ndani. Sitahani linapata rasharasha ya bahari, na karibu na injini linapata joto.

Udi wa babu. Kabla ya picha, kabla ya tangazo: udi huo ni mali ya warithi wote, si ya aliyebaki nao nyumbani. Kaeni, mkubaliane bei ya chini na nani anauza, muandike, wasaini na mashahidi wawili. Na kama babu alipigia kikundi, ulizeni wazee wa kikundi, maana vyombo vingi vya taarab vilikuwa mali ya klabu na mpigaji alikaa navyo tu kwa amana. Tafuta alama ya rangi au herufi ndani ya tundu au chini ya tumbo.

Kisha ukague wewe mwenyewe kabla mnunuzi hajaukagua. Udi wa kupigwa ni mwepesi kwa kushangaza. Mzito wenye mapambo mengi huwa ni wa kutundika ukutani, kama inayouzwa kwenye maduka ya Mji Mkongwe. Weka rula juu ya uso, mbele ya daraja: ukiwa umedidimia sana, mbavu za ndani zimeachia. Gonga uso kwa kidole taratibu kuanzia pembeni. Panapolia kitu kinachochakacha, ubavu umebanduka. Angalia vijitundu vya milimita moja mbili vyenye unga chini yake, hapo umebunguliwa, na unga mpya maana yake mdudu bado yumo. Pima uzi toka mfupa hadi daraja uuandike kwenye tangazo, kwani mpigaji atauliza: nyingi ni kati ya sentimita 58 na 62. Taja una nyuzi ngapi. Wa kawaida una 11, jozi tano na besi moja.

Wanunuzi watafute kwanza walimu na wanafunzi wa DCMA, chuo cha muziki kilichoko mjini Unguja, na vikundi vyenyewe vya taarab, Nadi Ikhwan Safaa na Culture Musical Club, hasa wiki kabla ya Idi. Wapelekee picha ya uso, mgongo, kichwa na ndani ya tundu, na video fupi ya kila jozi ya nyuzi ikipigwa peke yake.

Kama udi umekaa miaka bila nyuzi, usikaze zote siku moja kwa ajili ya video. Vigingi visugulie chaki na sabuni kavu kidogo vishike, weka nyuzi mpya, zipandishe hadi toni mbili chini ya zinapotakiwa, uache usiku mzima. Asubuhi tazama daraja kwa ile karatasi ya ukingo. Likiwa limetulia, panda toni moja, uache tena.