Babu alilipa kodi kwa Mwingereza, je na mimi nina uraia wao?

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi nauza dagaa mwaloni Kirumba, sasa kuna jamaa anakujaga pale anasema Uingereza ilishapitisha sheria watu wa makoloni yao wakapewa uraia, na sisi nyumbani tuna risiti ya babu ya kodi ya kichwa, imeliwa na mende pembeni ila muhuri unaonekana, tunaitunza kwenye kopo la maziwa ya unga. Jamaa anataka laki tatu afuatilie. Nimpe?
Mama Dagaa, Mwanza

JIBU: Marahaba dada. Hiyo laki tatu irudishe kwenye mtaji. Sheria ipo kweli, ya 2002, hapo hajakudanganya, ila inahusu maeneo ambayo mpaka leo yako chini ya Uingereza, visiwa vya kina St Helena, Bermuda na Montserrat, sio sisi tuliojitawala.

Na hao wenyewe walisota. Sheria yao ya uraia ya 1981, iliyoanza kazi Januari 1983, iliwapa uraia wa daraja la pili, yaani pasi ni ya Mwingereza lakini kuhamia Uingereza huna ruhusa, unapangwa na wageni wengine. Kisa kikubwa ni Hong Kong, wakati huo bado koloni lao, ilikuwa na mamilioni ya watu na serikali ikaogopa watahamia wote. Sawa, lakini visiwa vya Falkland, navyo vya Mwingereza, wakatungiwa sheria yao 1983 baada tu ya vita na Argentina, Gibraltar nao wakaachiwa mlango wa kujiandikisha, halafu St Helena waliokuwa na hati ya mfalme ya tangu 1673 ikiwaahidi haki sawa na aliyezaliwa Uingereza wakafungiwa nje! Falkland wengi weupe, St Helena wengi wana damu ya Afrika na Asia, sasa hapo jumlisha mwenyewe. Hong Kong ilipokabidhiwa China 1997 hofu ikapungua, 1999 serikali ikaahidi kuwapa, na tarehe 21 Mei 2002 wakawa raia kamili.

Tuje kwa babu. Tanganyika kisheria haikuwa hata koloni kamili, Mwingereza alikabidhiwa aisimamie baada ya vita ya kwanza kumtoa Mjerumani, kwanza chini ya Shirikisho la Mataifa baadae Umoja wa Mataifa, kwa hiyo kina babu walihesabiwa watu walio chini ya ulinzi wake tu, uraia hawakuwa nao. Uhuru ulipokuja 9 Desemba 1961 aliyezaliwa hapa na mzazi wake mmoja kazaliwa hapa akawa raia wa Tanganyika moja kwa moja. Risiti inaonyesha alilipa kodi, basi. Na hata ungeupata huo wa kwao, sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, ungepoteza wa hapa.

Kama huyo jamaa ulishampa cheti cha kuzaliwa kidai leo leo, na namba ya NIDA usimtajie.