Maswali yenu wiki hii: sanamu, video na huu mwili tulionao

Wiki hii nimechagua matano, yote kuhusu wasanii wa sasa wanaohangaika na mwili wa binadamu, wengine kwa sanamu, wengine kwa video, na wengine wanafanya vyote viwili.

Huyu Wangechi Mutu mbona kila nikifungua habari za sanaa nakutana naye, kwani kafanya nini hasa? (Msomaji, Nakuru)

Kafanya mengi bana. Mzaliwa wa Nairobi, 1972, akaenda kusoma New York alafu akamalizia Chuo Kikuu cha Yale, hukohuko Marekani, mwaka 2000, na alichosomea Yale ni sanamu, ila watu wengi hawalijui hilo kwa sababu jina lilimtoka kwa kolaji, zile picha za kukata na kubandika, kipande cha gazeti la fasheni hapa, kipande cha mchoro wa kitabu cha madaktari pale, unapata mwanamke nusu mrembo nusu uvimbe na hujui umuonee huruma au umuogope.

Kilichomuweka kwenye kila mdomo ni 2019. Makumbusho ya Metropolitan pale New York yana vidaka vinne mbele ya jengo, vilijengwa 1902 kwa ajili ya kuwekwa sanamu, na havikuwekwa kitu miaka 117! Yeye akaweka wanawake wanne wa shaba, wamekaa wima, miili imezungushiwa kama kamba nene kuanzia shingoni, na vichwani au usoni wana sahani inayong'aa hadi jua likipiga inakurudishia mwanga machoni. Sahani zile kazitoa kwenye mapambo ya wanawake wa heshima wa Afrika, wale wa kutoboa mdomo, waulize wazee wa Mtwara habari za ndonya utaelewa haraka kuliko hata watu wa New York. Sasa ninachokipenda mimi ni hiki: majengo ya Ulaya ya zamani yamejaa sanamu za wanawake waliobebeshwa paa kichwani, hawa wanne hawajabeba kitu chochote. Wamekaa tu.

Kama mtu ni fundi wa sanamu, video za nini tena? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu sanamu ina uzito lakini haisogei, na mwili unasogea na unachoka. Mfano mzuri ni video ya huyuhuyu Wangechi, The End of carrying All, iliyoonyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, 2015. Mwanamke, ambaye ni yeye mwenyewe, anatembea nyikani na kikapu kichwani, na kadiri anavyotembea mzigo unaongezeka, vitu vinapandana hadi majengo mazima, mgongo unapinda, hatua zinakuwa fupi, mwishowe mtu na mzigo wanakuwa donge moja na ardhi inalimeza. Ukishaiona hiyo ndo unawaelewa vizuri wale wa shaba wasiobeba kitu, yani kwangu mimi ni kazi moja imekatwa vipande viwili, moja inakuonyesha muda unavyoula mwili na nyingine inakuonyesha mwili uliokataa.

Nimesikia kuna jamaa kajitengenezea kichwa kwa damu yake, ni kweli au chai? (Msomaji, Dodoma)

Kweli kabisa. Marc Quinn, Mwingereza, 1991, damu kama lita 4.5 iliyotolewa kidogokidogo kwa miezi kama mitano, ikagandishwa kwenye kalibu la kichwa chake mwenyewe, na inakaa ndani ya friji maalum. Umeme ukikatika muda mrefu kazi imekwisha, kwahiyo mgao wetu ule isingetoboa wiki. Mi kinachonigusa zaidi ni Ron Mueck, aliyemtengeneza marehemu baba yake amelala chali, kila kinyweleo kipo, ila ukubwa ni kama mita moja tu. Hicho kimo ndo kinachokuua, baba mzima anakuwa mdogo kama mtoto.

Hizi sanamu za uchi na video za ndani ya mwili ni sanaa au ni kukosa adabu tu? Nina watoto nyumbani. (Mama, Tanga)

Dada yangu, nyumbani kwako amri ni yako, usiwaonyeshe kama hutaki. Ila uchi sio kitu kilicholetwa na meli. Wamakonde wana kinyago cha tumbo, tumbo la mimba na matiti vimechongwa kwenye mti pamoja na chale zake, na anayekivaa na kucheza nacho ngoma ni mwanaume. Halafu angalia alichofanya Mona Hatoum, Mpalestina aliyezaliwa Beirut, mwaka 1994: alichukua kamera ile ya hospitali ya kuangalia tumbo, akajirekodi ngozi na ndani ya mwili wake, na wewe unaingia kwenye kichumba cha duara, picha inapigwa sakafuni chini ya miguu yako, unasikia moyo na pumzi. Hakuna uchi kuzidi huo na hakuna atakayetamani kitu pale. Mimi nilivyoielewa anauliza nani ana ruhusa ya kukuchungulia mpaka ndani.

Shikamoo. Mimi ni mchongaji Mwenge, watalii wanataka tembo na twiga tu. Nianzie wapi hizi za kisasa na sina hela ya kamera?

Marahaba kijana. Kwanza hizo za kisasa mnazo zamani, Samaki Likankoa alianza kuchonga mashetani hapahapa Dar miaka ya 1950, viungo vimepindwa na kuhamishwa anavyotaka yeye, na mti wa ujamaa watu wanabebana mpaka juu, sasa hapo Ulaya watakufundisha nini? Vifaa navyo visikutishe, Wangechi ana sanamu za udongo mwekundu, karatasi zilizolowekwa na magogo.

Upande wa video anza na simu uliyonayo. Mwaka 2005 Wangechi alitoa video ambayo anaingia baharini polepole huku anaimba Amazing Grace kwa Kikikuyu, basi, hakuna kingine. Chagua kitendo kimoja cha mwili, labda bega lako linavyofanya kazi kwenye gogo la mpingo kuanzia asubuhi hadi linapogoma, weka simu mahali pamoja usiisogeze, na tafadhali usichomeke bongofleva juu yake, sauti ya tezo inatosha.