Mama anapumua kwa mashine, nao wanatishia kukata umeme

Pole sana dada. Umeuliza kama kampuni ya umeme inabanwa na chochote wakati una deni na mama anatumia mashine ya oksijeni nyumbani. Inategemea sheria za huko uliko. Uingereza kampuni zinatakiwa ziwe na daftari la wateja wa aina hii. Australia haziruhusiwi kumkatia kwa sababu ya deni mteja aliyesajiliwa kuwa anategemea mashine kuishi. Kuna kwingine inabaki hisani tu, na hisani bila karatasi husahaulika haraka.

Anza na barua ya daktari: aina ya mashine, inatumika saa ngapi kwa siku, na nini kitampata mama ikizimika. Ipeleke mwenyewe kwenye kampuni, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Usitegemee simu, aliyekuahidi leo kesho yuko likizo. Omba deni ulipe kidogo kidogo, na upewe taarifa mapema kabla ya matengenezo. Wakikuzungusha, nakala hiyohiyo iende kwa mdhibiti wa nishati.

Hata wakikubali yote, nguzo inaweza kuanguka usiku. Mwombe daktari mtungi wa akiba, na akuambie utadumu saa ngapi kwa kiwango anachotumia mama.