Kabla ya kumwita mshiriki wa kwanza

Mkataba wa utafiti wa baada ya uzamivu huwa mfupi, na ufupi huo humfanya mtu akimbilie kukusanya data kabla hajajiuliza kama data hiyo itaweza kumjibu. Mimi nilikimbilia, na haraka hiyo ilinipotezea miezi 7.

Nilikuwa nachunguza jinsi watu wanavyojifunza kuchagua pale tuzo inapobadilikabadilika. Mshiriki aliona maumbo 2 kwenye skrini, akabonyeza moja, akapata pointi au akakosa. Hesabu niliijenga juu ya kanuni ya wanasaikolojia Rescorla na Wagner ya mwaka 1972: tofauti kati ya ulichotarajia na ulichopata, yaani kosa la utabiri, husahihisha matarajio yako kwa kiwango kinachoitwa kasi ya kujifunza. Kwa kuwa Wolfram Schultz, Peter Dayan na Read Montague walikwisha kuonyesha mwaka 1997 kwamba seli za ubongo zinazotoa dopamini, kemikali inayohusishwa na tuzo, hutenda kana kwamba zinapiga hesabu ya namna hiyo, niliona msingi wangu hautikisiki, nikaita washiriki 60 na kumpa kila mmoja duru 40.

Data ilipokamilika, sikuweza kumtenganisha anayejifunza polepole na anayejifunza upesi lakini akachagua ovyo, kwani katika duru chache kiasi hicho wote wawili huacha nyayo zinazofanana. Ningeligundua hilo kwa kazi ya jioni 2 tu: unaunda washiriki bandia kwenye kompyuta, unawapa vigezo unavyovijua, kama vile kasi ya kujifunza, kisha unaitazama modeli, yaani ile hesabu yako, kama itavirudisha vilevile. Isipovirudisha, ongeza duru au badilisha mpangilio wa tuzo.

Kaa pia kwenye kiti cha mshiriki, ulifanye jaribio lote bila kuruka. Nilipolifanya mwenyewe (nimechelewa, nakiri), kufikia duru ya 25 nilikuwa nabonyeza kushoto kwa uchovu tu, na modeli yangu haikuwa na nafasi ya uchovu.

Kwa wanaochunguza unyumbufu wa ubongo, yaani uwezo wake wa kubadilika kwa kujifunza, mtego ni huohuo: data isiyoweza kujibu swali. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake waliripoti kuwa madereva wa teksi wa London wana sehemu ya nyuma ya hipokampasi (eneo la ubongo linalohusika na kumbukumbu na kujua njia) iliyo kubwa kuliko ya watu wengine, lakini picha za ubongo za mara moja hazikuweza kusema kama udereva ndio ulioikuza au wenye hipokampasi ya namna hiyo ndio wanaoifaulu kazi hiyo. Ilibidi Katherine Woollett na Maguire wawafuatilie wanafunzi wa udereva huo kwa miaka kadhaa, na matokeo ya mwaka 2011 yakaonyesha ongezeko kwa waliofuzu, si kwa walioshindwa.

Siku hizi, grafu ya kwanza ninayompelekea msimamizi wangu ni ya washiriki bandia: vigezo nilivyowapa upande mmoja, vilivyorudishwa upande wa pili. Nukta zikitawanyika, siombi muda wa MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo.