Maswali na Majibu: Kibra, Lang'ata na mpaka usioujua

Barua za mara hii karibu zote zimetoka Kibra na Lang'ata hapa Nairobi, na chache kutoka Embakasi. Zile zilizouliza "mbunge wetu anafanya nini" bila kusema ni mbunge yupi na wa wapi nimezitupa. Mniwie radhi.

Ni Kibera au Kibra? Naona majina yote mawili yakitumika. (Msomaji, Makina)

Yote ni sahihi, ila hayataji kitu kimoja. Kibra ndilo jina la eneo bunge, na ndilo la asili. Wanubi, waliotumikia jeshi la mkoloni na kukaa pale tangu mwanzoni mwa karne ya 20, waliita mahali hapo kibra, yaani msitu. Kibera ni matamshi yaliyozoeleka, na wengi wakilitamka wana maana ya mtaa wa mabati pekee.

Eneo bunge lina wadi tano: Laini Saba, Lindi, Makina, Sarang'ombe na Woodley/Kenyatta Golf Course. Hiyo ya mwisho isome tena polepole. Mwenye nyumba ya ua kule Woodley na mpangaji wa chumba kimoja Lindi wanachagua mbunge mmoja, lakini huyo wa kwanza ukimuuliza anakaa wapi atakwambia "Ngong Road". Barabara haina mbunge, ndugu yangu.

Mimi naishi South C, dada yangu South B. Mbona wabunge wetu ni tofauti na sisi ni majirani?

Kwa sababu South C ni wadi ya Lang'ata, na South B imo Starehe. Herufi mlizipewa na waliojenga mitaa, si na tume ya mipaka.

Mbunge wetu ameshindwa kuzoa taka na kuzibua mitaro. Tumwandikie nani? (Wakazi, Laini Saba)

Mwandikieni gavana, na nakala mpelekee mwakilishi wadi wenu. Swali hili nimelijibu mpaka mkono umechoka. Taka, mitaro, masoko, zahanati na shule za chekechea ni kazi za kaunti tangu 2013. Mbunge hutunga sheria, huikagua serikali ya kitaifa na kupitisha bajeti. Hazina ya NG-CDF, yaani ile ya maendeleo ya maeneo bunge, iliyo chini ya kivuli chake hujenga madarasa na vituo vya polisi na kulipa basari.

Najua kwa nini mnachanganya. Wabunge wenyewe ndio waliowafundisha. Wakati wa kampeni anaahidi mtaro, taa na maji, akishashinda anakumbuka kuwa hayo ni ya kaunti. Mkimsikia mgombea wa ubunge anaahidi kuzoa taka, basi hajui kazi anayoomba au anawaona nyinyi hamjui. Na hiyo hazina nayo msiilalie usingizi: Septemba 2024 Mahakama Kuu ilitamka kuwa sheria yake inakiuka katiba. Mzazi ambaye karo ya mwanawe yote inategemea basari ya mbunge anajenga juu ya mchanga.

Tunabishana kijiweni: Raila Odinga aliwahi kuwa mbunge wa Kibra?

Hapana. Alikuwa mbunge wa Lang'ata kuanzia 1992 hadi 2013, na wakati huo Kibra ilikuwa tumboni mwa Lang'ata. Aliyemtangulia ni Philip Leakey. Kura za Kibera ndizo zilizombeba Raila miaka yote hiyo, ndiyo maana mnachanganya.

Jambo ambalo vijana hamlijui: chini ya katiba ya zamani, rais alilazimika pia kuwa mbunge wa kuchaguliwa. Kwa hiyo mwaka 2007 Stanley Livondo alipomkabili Raila, aliyekuwa akigombea urais, pale Lang'ata, wengi waliuona kama mzaha, kumbe kiti cha ubunge kikianguka na urais unaanguka nacho. Katiba ya 2010 iliondoa hilo.

Kibra ilianza kuwa na mbunge wake mwaka 2013: Ken Okoth, aliyefariki Julai 2019, kisha nduguye Bernard "Imran" Okoth, na tangu 2022 Peter Orero, mwalimu mkuu wa zamani. Wote wa chama cha ODM. Lang'ata imepitia kwa Joash Olum, ikaenda chama cha Jubilee kwa Nixon Korir mwaka 2017, kisha ikarudi ODM kwa Phelix Odiwuor, yaani Jalang'o. Hapo nadhani kijiwe kimetulia.

Je, mtu asiyeishi Kibra aweza kugombea Kibra?

Aweza. Katiba inamtaka awe mpiga kura aliyesajiliwa, haisemi asajiliwe wapi. Kumbukeni uchaguzi mdogo wa Novemba 2019. Mwanasoka McDonald Mariga alikataliwa kwanza kwa kuwa jina lake halikuonekana kwenye sajili, kisha akaruhusiwa ilipodhihirika kuwa alikuwa amejisajili Starehe. Akagombea Kibra bila uwezo wa kujipigia kura mwenyewe! Imran Okoth alimshinda kwa kura 24,636 dhidi ya 11,230.

Lakini hayo siyo yanayonikera. Eneo bunge lilikuwa na wapiga kura zaidi ya 118,000. Jumlisheni hizo kura, mwongeze na za wagombea wengine, hamfiki hata nusu. Waliobaki nyumbani siku ile ndio nawaona leo wakijaza barua zangu.

Huku Embakasi tumejaa kama njugu. Kwa nini Nairobi haiongezewi maeneo bunge? (Msomaji, Pipeline)

Hatimaye swali la maana. Hadi 2013 Nairobi ilikuwa na maeneo bunge 8. Mapitio ya 2012 yalipoongeza viti vya nchi nzima kutoka 210 hadi 290, Nairobi ikapata 17. Embakasi ilikatwa vipande vitano, Kasarani ikazaa Roysambu na Ruaraka, Starehe ikazaa Mathare, Dagoretti ikawa mbili, na Lang'ata ikazaa Kibra. Westlands, Makadara na Kamukunji zikabaki moja moja.

Sasa shika kalamu. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Gawanya kwa 290, kila eneo bunge linastahili watu kama 164,000. Katiba inaruhusu jiji kuzidi kiwango hicho kwa asilimia 40, hivyo mwisho ni kama 229,600. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, na kwa viti 17 hiyo ni wastani wa watu 258,000 na ushei kwa mbunge mmoja. Wastani wenyewe umeshapita mwisho! Kwa hesabu ya watu tupu, jiji hili lingekuwa na viti 27 hivi. Wakati huo Lamu Mashariki ilihesabiwa watu 22,258, nayo ina mbunge mzima mwenye kura moja Bungeni sawa na wako wa Pipeline. Siwaonei wivu watu wa Lamu. Visiwa vina shida zake, na katiba inataka jiografia nayo izingatiwe. Ila katika mapitio ya kwanza hakuna eneo bunge la zamani lililoruhusiwa kufutwa, na kinga hiyo haipo katika mapitio yanayofuata.

Na kwa kuwa 290 imeandikwa kwenye katiba, Nairobi haiwezi kuongezewa kiti bila mahali pengine kupoteza. Hapo ndipo ulimi wa kila mwanasiasa unapokuwa mzito. Mapitio yanatakiwa kila baada ya miaka 8 hadi 12. Miaka 12 ilikwisha Machi 2024, wakati tume ya uchaguzi na mipaka haikuwa na kamishna hata mmoja. Waliopo waliapishwa Julai 2025. Na mapitio lazima yakamilike angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu. Piga hesabu mwenyewe kuhusu 2027.

Kwa wenzetu wa Kibra mnaotaka mgawanywe tena: kaunti ndogo ya Kibra ilihesabiwa watu 185,777. Hamjafika ule mwisho wa 229,600. Na tafadhali, acheni ile habari ya "Kibera ina watu milioni". Sensa ya 2009 ilipata watu 170,070 mtaani. Ile milioni ilipendwa sana na waliokuwa wakiomba misaada kwa jina lenu.

Twaweza kumwondoa mbunge kabla ya muhula kuisha?

Kifungu cha 104 cha katiba kinawapa haki hiyo. Sheria ya kuitekeleza Bunge liliitunga kwa hila, ikiwa imejaa vikwazo, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ikafuta baadhi ya vifungu vyake. Wanaopaswa kuitengeneza upya ni hao hao mnaotaka kuwaondoa. Anayewauzia fomu za kutia sahihi mtaani mwombeni kwanza awaonyeshe sheria anayoitegemea.

Esther Passaris ni mbunge wangu pia? (Msomaji, Karen)

Ndiyo, ni mwakilishi wa wanawake wa kaunti nzima ya Nairobi. Wa Lang'ata, iliko Karen, naye ni wako.

Nimeishi Sarang'ombe miaka 19 ila kura yangu iko nyumbani Kakamega. Naweza kutia sahihi malalamiko dhidi ya mbunge wa Kibra?

Kulalamika unaweza, katiba inamruhusu kila mtu kupeleka ombi Bungeni. Lakini mbunge ana vijana wanaojua sajili ya wapiga kura kwa vituo, na jina lako hawalioni humo. Miaka 19 umenunua maji kwa mitungi Sarang'ombe, watoto wamesomea Sarang'ombe, halafu kila miaka mitano unapanda basi kwenda kumchagulia shangazi yako mbunge. Jirani yangu mmoja alisafiri hata usiku wa sensa, ile ya Agosti 2019, ati akahesabiwe "kwetu". Akarudi Jumatatu kulalamika kuwa shule ya mtaa imejaa.

Nenda na kitambulisho chako kwenye ofisi ya tume ya uchaguzi ya Kibra, uombe uhamisho wa kituo. Nenda mwenyewe, huwezi kumtuma mtu. Shangazi atakuelewa.